Shikamoo ya Tapeli

Mfyuuu! Naanza kwa msonyo makusudi, maana nikianza kwa salamu ndefu mtanidhania mimi ni mmoja wao. Mjini hapa siku hizi mtu mwenye adabu kuwashinda wote ni tapeli wa simu. Wajukuu wetu wanapita kijiweni masikio wameyaziba, salamu yao ni kunyanyua nyusi, tena nyusi moja. Tapeli yeye anapiga saa nne asubuhi, chai imeshashuka, jua halijawa kali, na sauti kailainisha kama mkwe anayekuja kujitambulisha: "Shikamoo mzee wangu. Habari za kuamka? Familia haijambo?" Sasa kwa malezi tuliyolelewa sisi, mtu akikupa shikamoo utafanyaje? Utaitikia marahaba. Ukishaitikia marahaba umekuwa mzazi wake, na mzazi hamkatii mwana simu. Kazi ya tapeli imekwisha hapo. Kilichobaki ni kuhesabu hela.

Kijana wa bodaboda anayeegesha hapa kwetu anabisha. Anasema wazee wanapigwa kwa sababu simu hawazijui na vya bure wanavipenda. Nyie! Anayesema maneno hayo ni huyu huyu aliyetia laki mbili zake kwenye programu ya kutazama video ulipwe, ikafungwa usiku yeye kalala. Kijiwe kizima kilimpa pole, tukamnunulia na kahawa. Alipopigwa yeye ikaitwa "kujaribu fursa". Akipigwa mzee inaitwa ujinga. Hapo mimi ndipo ninapogombana na vijana.

Tumchukue Mwalimu. Mwenyewe kaniruhusu nimseme, mradi jina nisitaje. Ana miaka sabini na tano hivi, kafundisha shule za msingi mpaka akastaafu, na nusu ya wanaomcheka hapa mtaani yeye ndiye aliyewashika mkono kuandika herufi ya kwanza. Ukimsikia anavyosoma gazeti kwa sauti, anasimama kwenye nukta na kupumua kwenye mkato, hutasema huyu ni mtu wa kudanganywa.

Akapigiwa. Mpigaji kajitambulisha kuwa anatoka kitengo cha mafao, makao makuu, Dodoma. Kataja majina yake matatu, kataja shule aliyomalizia kazi. Kisha akasema neno ambalo kwa mstaafu wa nchi hii ni tamu kuliko halua: "Mwalimu, kwenye faili lako kuna mapunjo."

Mnacheka nini? Mstaafu wetu maisha yamemfundisha kwamba hela yake ipo mahali, ndani ya faili, inasubiri mtu wa kuisukuma. Wale wa iliyokuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyovunjika 1977, walidai stahili zao miaka na miaka, mahakamani na barabarani, wengine wakazikwa wakidai. Mifuko yenyewe ya pensheni imeunganishwa: PSPF, LAPF, GEPF na PPF, mwaka 2018 zikawa PSSSF. Mzee aliyestaafu chini ya jina moja akiambiwa karatasi zake zilichelewa kuhamia jina jingine, ataona ajabu gani? Na uhakiki wa wastaafu, ambao zamani ulikuwa wa kwenda ofisini na kukaa kwenye benchi mpaka miguu ife ganzi, sasa unaweza kufanyika kwa simu janja. Kwa hiyo ofisi kumtaka mzee abonyeze simu si kioja tena. Tapeli hakutunga kitu kipya. Kachukua mambo yaliyopo, kayapanga vizuri, kaongeza shikamoo.

Majina matatu na shule aliyapata wapi? Kijiweni hapa swali hilo lilizua mjadala wa asubuhi nzima, mpaka muuza karanga akatuaibisha wote. Karanga zake za mia mbili alikuwa amezifunga kwenye karatasi, na karatasi ile ilikuwa kivuli cha fomu ya mtu: jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu, jina la mdhamini. Chumvi imeingia kwenye sahihi. Tunatoa vivuli vya vitambulisho kila tunapokwenda, vinavyokataa kutoka vizuri tunaviacha pale pale dukani, na mwenye duka anauza karatasi chakavu kwa kilo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo, ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023. Lakini muuza karanga hajaletewa nakala yake. Angeletewa, angefungia karanga.

Turudi kwa Mwalimu, maana hapa ndipo kwenye ufundi wenyewe. Sote tumeambiwa usimtajie mtu namba yako ya siri. Tumeambiwa redioni, kwenye mabango, kwenye meseji za kampuni za simu, na Mwalimu kaambiwa. Sasa sikilizeni tapeli alivyomwambia: "Mzee wangu, namba yako ya siri usinitajie. Hata mimi usinitajie. Ile ni ya kwako peke yako." Mwalimu akatulia kabisa. Moyoni akasema huyu ni mtumishi mwaminifu, tapeli angeiomba.

Akaambiwa aweke spika, asikate simu, abonyeze nyota, moja, hamsini, na kuendelea. Bonyeza moja. Sasa weka namba ya afisa anayeshughulikia faili lako. Sasa weka namba ya faili: nne, nane, tano, mbili, sifuri, sifuri. Jina litakalokuja ni la afisa wetu, usishtuke. Sasa malizia kwa namba yako ya siri, na nakukumbusha mzee wangu, usiitamke kwa sauti.

Namba ya faili ilikuwa laki nne, themanini na tano elfu na mia mbili. Kwenye kioo cha simu palikuwa pameandikwa aweke kiasi. Miwani ilikuwa ndani juu ya kabati, na ile sauti haikumpa nafasi ya kwenda kuifuata. Pensheni ilikuwa imeingia juzi yake, na ndani yake kulikuwa na hela ya mabati aliyotumiwa na mwanawe. Vyote vikaenda kwa adabu.

Namba ya siri hakuitaja. Onyo alilifuata mpaka herufi ya mwisho! Tatizo ni kwamba hakuna aliyemwambia kuwa kuiandika mwenyewe, huku mtu usiyemjua anakuongoza kidole, ni sawasawa na kuitaja. Tungekuwa tumemwambia kwamba hela ikiwa inakuja kwako huhitaji kubonyeza chochote, inaingia tu hata ukiwa msalani, pengine angeshtuka. Hilo ndilo ningelibandika kwenye kila bango: wa kuandika namba ya siri ni anayetoa hela. Anayepokea haandiki kitu.

Mfyuuu.

Kilichoniuma mimi zaidi kilikuja baadaye. Mwalimu alinyamaza. Alikuja kijiweni, akanywa kahawa, akacheza bao, akashinda, akaondoka. Wiki kadhaa zikapita ndipo akasema, tena alisema kwa sababu mzee mwingine, karani mstaafu wa bandari, alikuwa anasimulia kwamba amepigiwa simu ya mapunjo na yuko njiani kwenda kwa wakala. Mwalimu akamshika mkono. Ndipo ikamtoka.

Alinyamaza kwa nini? Kwa sababu siku ile ile alimpigia mwanawe aliyeko Mwanza, na mwanawe akajibu: "Ah, baba na wewe!" Basi. Hakumtukana, hakumkaripia. Lakini mzee kaachiwa "na wewe" hiyo kifuani, na mjukuu aliyekuwa sebuleni kaenda kuisimulia shuleni ikawa kichekesho. Kila mzee anayechekwa anawafunza wazee wengine kumi kufunga midomo, na midomo ikifungwa tapeli anahamia nyumba ya pili na maneno yale yale, hana haja hata ya kubadilisha jina la afisa. Karani wa bandari aliokoka kwa bahati ya mpangilio wa benchi. Angekaa upande wa pili siku ile, angeondoka na kuaga.

Halafu mwanawe huyo wa Mwanza, msinifanye niseme sana, tapeli aliongea na baba yake dakika ishirini na tano. Yeye mwenyewe mara ya mwisho aliongea naye hizo dakika lini? Bi mkubwa mwenye baraza, ambaye husikiliza kijiwe chote kutokea dirishani na huingilia pale tu inapobidi, alitoa kauli yake: "Mzee akisubiri simu ya mtoto mwezi mzima, atapokea ya yeyote."

Kwenda kushitaki nako kuna vituko vyake. Kampuni ya simu, sitaitaja, ilimwambia alete RB ya polisi. Kituo, sitakitaja, kikamwuliza namba aliyoitumia hela imesajiliwa kwa jina la nani, aende kampuni akaulize. Mzee wa watu kapanda daladala na kushuka, kapanda na kushuka. Sheria ya Makosa ya Mtandao tunayo tangu 2015, ila hapa kijiweni inafahamika zaidi kwa watu waliokamatwa kwa maneno yao mitandaoni kuliko kwa hela ya mzee iliyorudi. Akifika siku ya tatu, hela ilishatolewa tangu dakika ya kumi. Ndiyo maana siku hizi nawaambia wenzangu: ukihisi tu umepigwa, usikae chini kujiuliza imekuwaje, wala usimpigie mtoto kwanza. Piga 100, uwaambie kampuni ya simu wazuie. Kulia baadaye. Na hata kama hukupigwa, ni meseji tu imeingia, ile namba ipeleke 15040. Mwalimu alikuwa hajawahi kusikia hiyo 15040, na ni mtu wa redio asubuhi mpaka usiku.

Sasa lile jina. Jina lililokuja kwenye simu ya Mwalimu, la huyo "afisa", lilikuwa la mwanamke. Tulivyokuwa na hasira tukasema mwanamke huyo atafutwe, afungwe. Fundi cherehani, mtu wa maneno machache, akauliza: na kama ni bibi yangu?

Kijiwe kikapoa. Maana mnakumbuka usajili wa laini kwa alama za vidole, ule uliosogezwa mpaka Januari 20 mwaka 2020. Mnakumbuka foleni. Mnakumbuka bibi zetu ambao vidole vimelika kwa jembe na kwa majivu ya kusugulia sufuria, wanaweka kidole kwenye kile kidude na kidude kinakataa. "Haijasoma mama, weka tena. Weka hiki kingine. Tena." Na wale vijana wa miavuli barabarani, wengi ni waungwana, tena wamewasaidia wazee kwa uvumilivu. Lakini wapo waliokuwa wakisema haijasoma na kumbe imesoma, na kila "weka tena" ni laini nyingine inayozaliwa. Laini hiyo inauzwa kwa bei yake, inakwenda kufanya kazi, na mwenye jina yuko kwake anachambua mchicha. Wenye mitambo waliweka jina litokee kabla hela haijatumwa ili tusikosee, na tapeli kalichukua hilo jina kalifanya shahidi wake. Ndiyo maana meseji yao maarufu, ile ya "hela itume kwenye namba hii", haikosi kumalizia na jina litakalokuja. Mzee anaibiwa huku, na mzee mwingine asiyejua lolote ndiye jina lake linaloiba kule.

Dawa ipo, ni kubonyeza nyota 106 reli, uone laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Tulijaribu hapa hapa. Muuza kahawa alikutwa na laini asiyoijua. Alikaa kimya, akamimina kikombe cha mteja mpaka kikafurika. Akaenda kuifuta siku hiyo hiyo, kazi ameiacha, birika tumelilinda sisi, na niseme ukweli kahawa ilipungua.

Bodaboda, kwa kutaka kutuchangamsha, akasema tapeli wote wako Sumbawanga. Ni kweli taarifa za TCRA, mamlaka ya mawasiliano, za kila robo mwaka zinapanga majaribio ya ulaghai kimkoa, na Rukwa yenye hiyo Sumbawanga, pamoja na Morogoro, zimekuwa zikiongoza. Zamani tulitishwa radi za Sumbawanga, sasa tunatishwa meseji. Lakini Mrangi, Mfipa, Mpogoro, wote wana mama zao wanaopokea meseji hizo hizo. Na tapeli wa Mwalimu lafudhi yake ilikuwa ya Kariakoo kabisa, tena anasema "mzee wangu" kama anakuuzia kitambaa.

Bi mkubwa alitoa kichwa dirishani. "Nyinyi mnazungumza tapeli wa nje tu," akasema. "Wa nje anapiga mara moja. Wa ndani anapiga kila Ijumaa."

Hapo kila mtu akaangalia kikombe chake. Maana nani hapa hana mjukuu mwenye namba yake ya siri? Mzee anataka kununua umeme, herufi ni ndogo, anamwita mjukuu: niwekee Luku. Mjukuu anauliza namba, babu anataja kwa sauti mpaka mpangaji chumba cha uani anasikia. Au anampa wakala simu nzima, "nitolee elfu thelathini mwanangu," anamtajia na namba ya siri, anasimama pembeni kuzungumza na jirani. Namba yenyewe ni mwaka wa kuzaliwa, au imeandikwa kwa kalamu kwenye karatasi iliyobandikwa nyuma ya betri. Bi mkubwa alikuwa anatumiwa hela na binti yake aliyeko Muscat, na kila mara ilipungua elfu tano, elfu tatu, kiasi cha mtu kusema labda ni makato. Serikali ilipoweka tozo za miamala 2021, wezi wa ndani walipata jina la kuitia: "Tozo hiyo, bibi." Bi mkubwa aliwalaani mawaziri miezi mingi bila hatia, angalau kwa zile elfu tano.

Alimgundua vipi? Hakwenda kwa mganga wala polisi. Alikwenda kwa wakala wa mtaa wa tatu, dada mmoja asiyemjua mjukuu, akamwomba amsomee meseji za miamala moja moja. Kisha dada akamfundisha kubadilisha namba ya siri, na bi mkubwa akachagua ambayo hakuna wa nyumbani atakayeibahatisha. Mjukuu alipoulizia namba mpya akajibiwa, "Tozo imefutwa." Bado wanaishi nyumba moja na wanakula sinia moja. Mzee anamtegemea kijana huyo huyo kumpeleka hospitali, na ndiyo maana habari za namna hii hazifiki polisi wala kwenye takwimu za mtu yeyote. Kwa maoni yangu ndizo nyingi kuliko zote.

Kuna na hizi simu za kupangusa ambazo watoto wakibadilisha yao wanawaachia wazazi zile za zamani, kioo kimepasuka, imejaa vitu visivyoeleweka. Mzee anaingizwa kundi la ukoo WhatsApp, basi kila kukicha ni dawa ya kitunguu saumu na onyo la "watumie watu ishirini". Hayo ni kelele tu. Hatari ni picha ya kiongozi anayetoa mikopo bila riba, jaza fomu, lipia bima ya mkopo kwanza. Na sauti yenyewe inasikika, kiongozi anazungumza, midomo inacheza. Mashine zinatengeneza hayo siku hizi, na mtu aliyezoea kwamba sauti ya kiongozi redioni ni sauti ya kiongozi, utamwelezaje kwa maneno mawili?

Hii mikopo ya simu inawafikia wazee hata wasipokopa. Kijana wa nyumbani anakopa kwenye programu, anairuhusu isome majina yote yaliyomo kwenye simu yake, akichelewa kulipa mama yake kijijini anaingiziwa meseji ya vitisho: mwanao ni mwizi, tutamtangaza. Mama anauza kuku. Benki Kuu mwezi Novemba 2024 ilitangaza programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Kuku waliokwisha kuuzwa hawakurudi bandani.

Mzee wa bandari akatukumbusha kwamba upepo huu haukuanza na simu. Mwaka 2009 ilikuwepo DECI. Watu "walipanda mbegu" za hela, wakaambiwa watavuna, na wachungaji wa makanisa ndio waliokuwa viongozi wake. Yeye alipanda. Alivuna mara ya kwanza, na kuvuna kule ndiko kulikommaliza. "Mimi sikudanganywa na mashine," akasema. "Nilidanganywa na watu waliovaa vizuri, wananiita baba." Bodaboda akataka kucheka, akaona nyuso zetu, akaahirisha.

Sasa nifike kwenye linalonifanya nisonye hasa. Kila wakitaka kutufundisha wanatutumia meseji. Kuna kampeni, ile ya Sitapeliki na nyinginezo, nia ni njema na mabango yana rangi nzuri. Lakini unamwonya mzee asiamini meseji kwa kumtumia meseji! Aiamini au asiiamini? Mwalimu anazo zote kwenye simu yake, hajafungua hata moja, na kwa kweli ametii.

Na jambo hili tulilijua zamani. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyelisema, na aliposema alinyooka mgongo. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, na yeye, kijana mwenye nywele nyingi wakati huo, alikuwa msimamizi wa kundi kijijini. Wanakaa chini ya mti, redio katikati, kipindi kinapigwa. Kipindi kikiisha redio inazimwa, msimamizi anafungua kijitabu, watu wanabishana. Kisha, na hapa aliinua kidole, hawaondoki mpaka wameamua kufanya kitu: kuchimba choo, kufyeka majani karibu na nyumba, kuchemsha maji. Wiki inayofuata wanaulizana nani kafanya. Watu karibu milioni mbili walipita kwenye makundi hayo nchi nzima. Wengi wao hawakuwa wamesoma, na hakuna aliyewaambia "na wewe".

Vijana wa wakati ule ndio wazee wa leo. Hawa hawa tunaosema hawafundishiki! Walifundishika walipokaa wengi, wakapewa nafasi ya kubisha na kazi ya kwenda kuifanya kwa mikono. Tuwape tena hivyo hivyo. Redio ipo, misikiti na makanisa yapo, vikoba vipo, wapo wazee wanaokutana kliniki ya sukari wakisubiri daktari saa tatu nzima bila la kufanya. Mtu akae nao hapo, simu mikononi, mmoja ajifanye tapeli mwingine ajifanye mzee, wabadilishane. Ukishawahi kuwa tapeli wa mchezo kwa dakika tano, wa kweli utamjua kwenye shikamoo.

Kijiwe hakingoji wizara. Tulikubaliana kila Jumamosi baada ya alasiri tutajaribu, bodaboda awe tapeli kwa kuwa anaongea sana, na muuza kahawa asipandishe bei. Somo la kwanza lilileta ugomvi. Mzee wa bandari alitaka lianze na kukata simu: mtu akitaja tu hela, namba au haraka, kata, usiage, usiitikie. Mwalimu akagoma kabisa. "Nimkatie mtu aliyenipa shikamoo? Miaka sabini na tano? Mimi?"

Tukamweleza. Akatikisa kichwa. Bi mkubwa akamwambia kutoka dirishani kwamba marahaba yake ya mwisho ilimgharimu laki nne na themanini na tano elfu na mia mbili, kwa hiyo afanye hesabu, si yeye ndiye mwalimu. Akafikiri. Akasema basi ataitikia, atasema "kwa heri mwanangu", ndipo akate.

Tulimpima. Bodaboda akapiga kutoka upande wa pili wa barabara, kwa sauti nyembamba ya ofisini. Mwalimu akaitikia marahaba, akasema kwa heri mwanangu, na kabla hajabonyeza akauliza, "Nyumbani hawajambo lakini?"

Bodaboda akajibu hawajambo, mzee wangu, na hapo hapo akaanza kumtajia namba ya faili.